Kikaushio cha mwani, jina la msimamizi na kongamano la mwezi ujao: kazi ya tasnifu ni ya nani?

*"Shikamoo wakili. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa, upande wa uhandisi. Nimeunda kikaushio cha mwani kinachotumia jua. Kina chanja zinazozunguka na kipimo cha unyevu, na programu yake nimeiandika mwenyewe. Nilikijaribia kwa akina mama wanaolima mwani huko Kwale, na wao ndio walionishauri jinsi ya kupanga chanja. Msimamizi wangu anasema kifaa ni mali ya chuo kwa sababu mimi ni mwanafunzi wao, na kwamba kwenye makala jina lake litatangulia. Ni kweli ruzuku yake ndiyo iliyonunua vifaa. Mwezi ujao nina kongamano, na baadaye chuo kitaiweka tasnifu mtandaoni. Kampuni moja imeniomba michoro 'waione tu'. Binamu yangu kaniambia nijitumie nakala kwa rejista ya posta na nisiifungue bahasha, eti hiyo inatosha. Je, kazi hii ni yangu au si yangu? Na nikimkatalia msimamizi, hatanizuilia shahada?"*

Marahaba. Hofu yako naisoma hivi: umeambiwa kwamba mwanafunzi hana chake, na unaogopa kwamba ukidai chako utakosa shahada. Yote mawili yana majibu, ila hayaji kwa neno moja, kwa sababu hicho unachokiita "kazi hii" ni vitu kadhaa vilivyofungwa kitita kimoja. Yako maandishi ya tasnifu. Iko programu. Kipo kifaa, yaani ule ufumbuzi wa kiufundi uliomo ndani yake. Ziko data, yako makala, na uko mchango wa akina mama wa Kwale. Kila kimoja kina sheria yake na chaweza kuwa na mwenyewe tofauti. Msimamizi wako anaweza kuwa na haki kamili kwenye kimoja na asiwe na hata chembe kwenye kingine.

Nitaanza na kongamano, kwa sababu ndilo lisilorudi nyuma. Ugomvi wa majina waweza kusuluhishwa hata mwakani. Siri ikishatoka haifichiki tena.

Hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kwa muda wasiutumie uvumbuzi wako, hutolewa kwa kitu kipya, chenye hatua ya uvumbuzi ambayo si dhahiri kwa fundi wa fani ile, na kinachoweza kutumika viwandani. "Kipya" maana yake hakijafichuliwa kwa umma popote duniani kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi. Wengi hudhani kufichua ni kuuza au kuchapisha jaridani. Sivyo. Ikisiri kwenye kitabu cha kongamano ni kufichua. Bango ukutani, slaidi, video ya kifaa kikizunguka kwenye status ya WhatsApp, tasnifu kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo: vyote hivyo ni kufichua. Wala usijifariji kwamba ukumbi utakuwa na watu wachache. Sheria haihesabu vichwa. Inauliza kama waliosikia walikuwa na wajibu wa kutunza siri.

Sheria ya Kenya ina huruma kidogo hapa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Miliki ya Viwandani ya mwaka 2001 kinasema kwamba ukifichua mwenyewe, ufichuzi huo hautakuhukumu iwapo utawasilisha ombi ndani ya miezi 12. Marekani nao hutoa mwaka mmoja. Ulaya kwa jumla haina huruma hiyo, kwa hivyo slaidi moja ya mwezi ujao yaweza kuufunga mlango wa huko moja kwa moja. Na hata hapa nyumbani muda huo haukulindi na kila kitu. Wawili wakivumbua kitu kilekile kila mmoja kivyake, haki humwendea aliyetangulia kuwasilisha ombi.

Sasa turudi Kwale kidogo, maana nina wasiwasi na jambo ambalo hukuliuliza. Ulipokijaribu kifaa, kilikuwa wapi? Kama kilikaa ufukweni siku kadhaa, wazi, mtu akipita aweza kuona chanja zinavyozunguka na kuelewa kwa nini, basi yawezekana miezi yako 12 ilianza siku ile, wala haitangoja kongamano. Itafute hiyo tarehe kwenye daftari lako leo hii. Ikiwa imebaki miezi miwili, haraka yako ni ya aina nyingine.

Kabla ya kongamano, fanya hivi. Chukua ikisiri uliyokwisha kuituma uisome kama mshindani wako: je, inaeleza matokeo tu, au inaeleza namna? Kusema kwamba mwani ulikauka kwa nusu ya muda wa kuanika mkekani ni matokeo, na hakumfundishi mtu kuunda chochote. Kusema kwamba kipimo cha unyevu kikifika kiwango fulani ndicho kinachoamuru chanja zigeuke, hiyo ndiyo siri yenyewe. Ikiwa namna imo, waandikie waandaaji waibadilishe kabla kitabu hakijatoka. Kwenye slaidi weka grafu na uiache michoro. Kwenye utetezi wa tasnifu, omba watahini na wote watakaokuwemo chumbani watie saini karatasi ya kutunza siri. Na kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho, iandikie maktaba na shule ya uzamili ukiomba tasnifu izuiliwe mtandaoni kwa muda, tuseme miezi 12, huku ikisiri pekee ikionekana. Omba kwa maandishi na ubaki na jibu. Anayepakia faili mara nyingi si yule uliyezungumza naye.

Njia iliyo bora zaidi ni kuwasilisha ombi kabla ya siku ya kongamano. Ombi hupelekwa Taasisi ya Miliki ya Viwandani ya Kenya, KIPI, iliyoko Nairobi, mtaa wa South C. Usipande treni kabla ya kupiga simu na kuuliza fomu na ada za sasa. Ndani ya ombi mna maelezo ya kifaa, michoro, ikisiri na madai. Madai ndiyo roho yake: ni sentensi zinazochora mpaka wa kile unachokidai, na hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu. Wapo wanaochukua sura ya tatu ya tasnifu wakaibandika kama ilivyo, bila madai yanayoeleweka. Wapo wanaodai "kikaushio kinachotumia jua", dai ambalo mchunguzi atalikataa kwa kuwa vikaushio vya jua vya hema, vya kabati na vya handaki vimekuwepo kwa miaka mingi. Dai lako liwe ule uhusiano kati ya kipimo, programu na mzunguko wa chanja. Na uandike kila ulicho nacho, kwa sababu baada ya tarehe ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya ndani ya ombi lilelile.

Ukishapata tarehe hiyo, una miezi 12 ya kupeleka ombi nchi nyingine na kuhesabiwa kana kwamba uliwasilisha siku ile ya kwanza, chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwandani. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Kenya nayo ni mwanachama, unaweza kusogeza gharama za kuingia nchi mojamoja hadi kama miezi 30. Kwa KIPI kwenyewe kumbuka kuomba uchunguzi wa kina kabla ya miaka 3 kupita. Usipoomba, ombi huhesabiwa limeachwa.

Lakini je, kifaa chako kinastahili hataza? Tafuta kwanza, ni bure. Fungua hifadhidata za hataza mtandaoni: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya au Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani. Usitafute kwa maneno peke yake, maana kila mwandishi ana lugha yake. Tafuta kwa namba za uainishaji. F26B 3/28 ndilo fungu la kukausha kwa mionzi, ya jua ikiwemo, na A23L 17/60 ni la mwani wa kuliwa. Soma madai ya hati zitakazotokea, si vichwa vyake. Ukikuta chanja zinazozunguka na kipimo cha unyevu katika hati mbili tofauti, mchunguzi ataweza kuuliza kama kuziunganisha hakukuwa jambo la wazi kwa fundi yeyote.

Hapo ndipo ningekushauri uangalie kinga ndogo iitwayo modeli ya matumizi. Hii nayo hutolewa na KIPI. Inahitaji upya na matumizi ya viwandani, bila kudai hatua ya uvumbuzi, na hudumu miaka 10 tangu kutolewa, ilhali hataza hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa kwa ombi. Kwa kifaa cha aina yako, naiona modeli ya matumizi kuwa karibu zaidi na ukweli. Wanafunzi huidharau kwa sababu jina lake halina fahari kwenye wasifu.

Sasa umiliki. Sheria ya Miliki ya Viwandani inaanza kwa kusema haki ya kupata hataza ni ya mvumbuzi, na wavumbuzi wakiwa zaidi ya mmoja ni yao pamoja. Kisha kifungu cha 32 kinaeleza pale haki inapohama. Uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira au kazi ya kuagizwa ni wa mwajiri au wa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Hata mfanyakazi ambaye hakuajiriwa kubuni, akibuni kwa kutumia data au vifaa alivyovipata kwa ajira yake, uvumbuzi huenda kwa mwajiri, ila yeye hustahili malipo ya haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inafuata mkondo huohuo kwa maandishi na programu: mwanzo haki ni ya mtunzi, kisha huhama kwa ajira au kwa kuagizwa.

Umeona maneno yanayorudiwa? Ajira. Kuagizwa. Mwanafunzi anayelipa karo si mwajiriwa wa chuo. Kauli ya "wewe ni mwanafunzi wetu, kwa hivyo ni chetu" ikisimama peke yake haina miguu kisheria.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haisimami peke yake. Chini yake kuna karatasi, na pengine wewe mwenyewe ulizitia saini wiki ya usajili ukiwa na haraka ya kupata kitambulisho. Zitafute: fomu ya kukubali nafasi, kanuni za masomo ya uzamili, sera ya miliki bunifu ya chuo, mkataba wa ruzuku ya msimamizi, na kama uliwahi kulipwa kama msaidizi wa utafiti au mhadhiri wa muda, mkataba huo pia. Kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha. Maneno ya ofisini hayatoshi. Kwa hivyo uliza swali moja la adabu: "Naomba kuona kifungu." Ukikipata, tofautisha sentensi isemayo mwanafunzi *anahamishia* chuo na isemayo mwanafunzi *atakubali kuhamisha*. Ya kwanza inaweza kuwa imeshafanya kazi yake. Ya pili ni ahadi, na bado inahitaji karatasi nyingine.

Sera nyingi za vyuo huacha tasnifu kwa mwanafunzi, kisha hudai uvumbuzi uliofanywa kwa "matumizi makubwa" ya rasilimali za chuo, yaani zaidi ya maktaba na darasa la kawaida. Karakana pamoja na ruzuku iliyonunua vifaa huenda vikaingia humo. Sitakuficha: hapo ndipo nafasi yako inapungua. Mkataba wa mfadhili nao waweza kukishinda hata chuo, kwa sababu wafadhili wengine hutaka matokeo yawe wazi kwa wote na wengine hutaka sehemu yao. Msimamizi anao, muombe nakala ya kurasa zinazohusu miliki bunifu.

Halafu kuna mchanganyo mmoja ningependa uuondoe kichwani. Aliyenunua mabati, feni na vioo anaweza kuudai mtambo uliosimama karakanani. Ununuzi huo peke yake haumpi uvumbuzi, na hakika haumfanyi mvumbuzi. Umiliki na uvumbuzi ni vitu viwili. Hata chuo kikimiliki hataza kwa asilimia mia moja, jina la mvumbuzi lazima liandikwe ndani yake, na sera nyingi humpa mvumbuzi fungu la mapato.

Kuhusu majina, kuna kofia tatu na watu huzivalisha kichwa kimoja. Mwandishi wa makala hupimwa kwa desturi za kitaaluma. Wengi hufuata masharti manne ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, hata nje ya tiba: awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, muundo, data au ufafanuzi wake, awe ameandika au amehakiki maandishi kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuijibia kazi. Yote manne kwa pamoja. Kutafuta fedha peke yake, au kusimamia kwa jumla peke yake, hakutoshi; mtu huyo hutajwa kwenye shukrani. Msimamizi aliyekaa nawe juu ya muundo wa majaribio na kuisahihisha rasimu kwa kina anastahili kuwemo. Kutangulia ni jambo jingine: katika fani nyingi za sayansi na uhandisi hutangulia aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na msimamizi hukaa mwisho, nafasi ambayo ina heshima yake. Si sheria ya nchi, ni desturi, kwa hivyo hujadiliwa. Tena wahariri wa majarida hawaamui ugomvi wa namna hii, huurudisha chuoni.

Kofia ya pili ni ya mtunzi wa hakimiliki, yaani aliyeandika maneno au msimbo. Wazo lisiloandikwa halina hakimiliki, kwa hivyo ushauri wa mdomo wa msimamizi haumfanyi mtunzi wa tasnifu yako. Kofia ya tatu ni ya mvumbuzi: aliyechangia fikra iliyomo ndani ya madai. Ikiwa msimamizi ndiye aliyesema "acha unyevu ndio uamuru chanja", huyo ni mvumbuzi mwenzako na ni lazima umtaje. Ikiwa alitafuta fedha na kukusahihishia sura, si mvumbuzi.

Na akina mama? Kipimo ni kilekile. Ikiwa mpangilio wa chanja waliokushauri umo kwenye madai yako, wao ni wavumbuzi pamoja nawe, hata kama hawajawahi kutia mguu chuoni. Hili halifutwi kwa sentensi ya shukrani kwenye ukurasa wa nne. Kama maarifa waliyokupa ni ya jamii na yamerithishwa vizazi kwa vizazi, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa yao kabla ya kuyatumia, pamoja na makubaliano ya kugawana faida. Rudi Kwale, ukae na kikundi, uandike kwa Kiswahili walichochangia, nani, na mtafanya nini kifaa kikileta pesa. Bora kufanya hivyo sasa kuliko siku watakapokiona kwenye tangazo la kampuni.

Haki zako zina wajibu mwingine unaotembea nazo, nitaupitia haraka. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kina masharti yake, yasome. Mahojiano na picha za watu ni data za kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hivyo ridhaa waliyokupa kwa ajili ya tasnifu haikuruhusu kuiuzia kampuni. Kama sampuli za mwani zitapelekwa maabara ya nje kuchunguzwa vinasaba, kanuni za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinadai kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ridhaa iliyotangulia. Na michoro uliyonakili kwenye majarida ya wengine: kutaja chanzo kunakuepusha na wizi wa maandishi, hakukupi ruhusa ya mwenye hakimiliki. Sheria yetu inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na uhakiki, lakini mchoro mzima unaowekwa mtandaoni kwa dunia nzima ni heri uuombee ruhusa au uuchore upya kwa data zako.

Programu yako ni hakimiliki, inahesabika pamoja na kazi za maandishi. Tazama lakini ulichokopa. Kama kipimo chako kinaendeshwa na Arduino, ule ubao mdogo wa kielektroniki, maktaba zake za msingi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, ziko chini ya LGPL, mojawapo ya leseni za msimbo huria. Ukichanganya na msimbo wenye leseni ya GPL kisha ukauza kifaa, utalazimika kuwapa wanunuzi msimbo chanzo chini ya leseni hiyohiyo. Ile ya MIT ni pole, inataka tu ubakize tangazo la hakimiliki. Andika orodha ya kila kipande na leseni yake. Kampuni yoyote makini itaiomba, na mwanafunzi asiyekuwa nayo hukwama hapohapo.

Bahasha ya binamu yako haina madhara, ila haina kazi. Hakimiliki hupatikana yenyewe pindi kazi yenye juhudi yako inapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yako pamoja na miaka 50 baada ya kufa. Ukitaka ushahidi, sajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usajili ni wa hiari na cheti chake husaidia mahakamani. Kwa uvumbuzi bahasha haifai kitu, kwani kinachohesabiwa ni tarehe ya KIPI. Elewa pia mpaka wa hakimiliki: inazuia mtu kunakili mchoro wako, haimzuii kuuelewa mchoro na kwenda kuunda kikaushio.

Kinachofaa kuliko bahasha ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Liwe la kushonwa, kurasa zina namba, unaandika kwa kalamu ya wino, hukati karatasi wala hupaki rangi nyeupe juu ya kosa. Kila ukurasa wenye jambo jipya uwe na tarehe na saini yako, na saini ya shahidi anayeelewa alichokisoma lakini si mvumbuzi. Msimbo uweke kwenye Git, mfumo unaotunza kila badiliko na tarehe yake, katika hazina ya faragha. Baada ya kila kikao na msimamizi mtumie barua pepe fupi: tumekubaliana hivi na hivi, wazo hili lilikuwa lako, hili langu. Ukifanya hivyo kwa heshima tangu mwanzo, mara nyingi ugomvi hauzaliwi.

Kampuni inayotaka "kuiona tu" isipewe mchoro. Kwanza huenda michoro si yako peke yako kuitoa. Pili, kumpa mtu asiyefungwa na siri ni kufichua, kama nilivyoeleza. Wape ukurasa mmoja wa matokeo. Wakitaka zaidi, kuwe na mkataba wa siri unaotaja nini kitaonyeshwa, kwa kusudi gani, nani ndani ya kampuni atakiona, kwa miaka mingapi, kwamba hawatawasilisha ombi lolote la hataza juu yake, na kwamba nakala zitarudishwa. Kama chuo kina haki, kitie saini pia. Kampuni inayokasirika kwa kuombwa mkataba wa siri imeshakuonyesha itakavyokuwa siku ya kulipa.

Je, yote haya yanalipa? Hataza ya Kenya haimzuii fundi wa Tanga wala wa Zanzibar, ambako mwani unalimwa kwa wingi kuliko kwetu. Tanzania waweza kuitaja kwenye ombi la pamoja kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ilhali Zanzibar ina sheria yake ya miliki ya viwandani ya mwaka 2008, na hiyo ni gharama nyingine. Hataza pia ina ada za kila mwaka, na haijitetei yenyewe. Anayekiuka ni wewe wa kumshtaki. Chuo kikichukua mzigo huo, unapata fungu dogo na mwendo wa pole, lakini hulipi wakili. Ukichukua mwenyewe, unapata uhuru na madeni. Njia ya tatu ni kuchapisha kila kitu wazi, ili pasiwe na mtu mwingine wa kukihodhi. Ikiwa nia yako ni vikundi vya Pwani vitengeneze vikaushio vyao wenyewe, hiyo ni njia ya heshima kabisa, ila uichague kwa makusudi, isikutokee kwa bahati mbaya ya slaidi. Maoni yangu, kwa haya machache uliyoniandikia: modeli ya matumizi kwa pamoja na chuo, programu chini ya leseni iliyo wazi, na makala baada ya tarehe ya KIPI.

Kumbuka makala nayo yana mtego. Majarida mengi hukutaka uwahamishie hakimiliki. Ukishatia saini, sura ya tasnifu yenye maneno yaleyale inaweza kuhitaji ruhusa yao. Soma fomu kabla, omba ubakiwe na haki ya kuyatumia ndani ya tasnifu, au chagua jarida lenye leseni ya wazi ya Creative Commons. Na unapopitisha rasimu kwenye Turnitin, programu ya kukagua wizi wa maandishi, mwambie msimamizi achague isihifadhiwe, la sivyo nakala ya mwisho itaonekana umeiiba kwako mwenyewe.

Hofu yako ya shahada haina upuuzi. Msimamizi ana nguvu juu yako, na kumkabili kwa "haki zangu" siku ya kwanza ni kujitafutia msimu mrefu. Mwandikie hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kabla ya kongamano naomba tukae nusu saa tukubaliane kuhusu mambo matatu: majina kwenye makala na mpangilio wake, nani ataandikwa mvumbuzi, na kama chuo kitawasilisha ombi KIPI. Nimeandaa ukurasa mmoja wa michango ya kila mtu, akina mama wa Kwale wakiwemo. Naomba pia nakala ya sera ya chuo na vifungu vya ruzuku." Wengi hulegea wakiona wametajwa kwa haki yao. Asipojibu ndani ya wiki, nenda kwa mratibu wa uzamili wa idara, kisha mkuu wa shule ya uzamili, kila hatua kwa maandishi. Kama chuo kina ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia, yaani inayopeleka uvumbuzi wa chuo sokoni, ifikie mapema, kwani hao ndio wenye fomu ya kutangaza uvumbuzi.

Kuna hali ambazo hupaswi kuzimaliza kwa kusoma majibu kama haya. Ukiletewa karatasi ya kuhamisha haki na kuambiwa utie saini leo. Ukigundua ombi limeshawasilishwa bila jina lako. Kampuni ikikupa pesa ya awali. Shahada ikitishiwa waziwazi kwa sababu ya umiliki. Hapo tafuta wakili, au wakala wa hataza aliyesajiliwa na KIPI, uonane naye ana kwa ana. Nenda na daftari, barua pepe, fomu ulizotia saini, sera, vifungu vya ruzuku na tarehe ile ya majaribio ya kwanza ufukweni. Mwombe akutajie bei ya kila hatua kando: kutafuta, kuandika madai, kuwasilisha, kumjibu mchunguzi, na ada za kila mwaka. Anayekutajia bei moja ya "hataza nzima" bila kukuuliza kama umeshafichua, mshukuru kwa muda wake na uende kwa mwingine.